Stesheni ya plastiki ya HO, na gluu iliyonifundisha adabu

Wakuu, kuna mtu aliniuliza kama hii modeli ndogo ya stesheni ya treni, ya kuunganisha mwenyewe, yenye binamu yangu aliniletea kutoka Ujerumani ni ya maana. Ni ya maana, lakini si na ile gluu iko ndani ya boksi.

Vipande viko poa. Skeli ni HO, yaani 1:87, kila kitu kimepunguzwa mara 87, mlango wa mita mbili unatoka milimita 23 hivi na bado matofali unaona hadi mistari ya simiti. Usiving'oe kwa fremu na mkono, mimi nilitumia kikata kucha nikamalizia na wembe na msasa. Maelekezo ni picha tupu, unafuata namba tu. Ukuta wa nyuma ulikuja umebetuka kama ganda la chungwa lililokauka, hapo nimekata nyota moja.

Sasa gluu. Ile ya tyubu inavuta nyuzi kama mrenda, ikidondoka kwa ukuta inayeyusha matofali na ukijaribu kufuta ndio unaharibu kabisa. Nikakasirika nikashuka kwa duka ya hapa Section 58, Nakuru, nikanunua supagluu, nikabandika madirisha usiku, nikalala nikijiona fundi. Asubuhi vioo vyote vina ukungu mweupe utadhani ni Timboroa saa kumi na mbili! Kumbe mvuke wa supagluu unaenda kuganda juu ya ile plastiki ya kioo. Madirisha ni gluu nyeupe ya seremala, tone dogo na kijiti cha meno kwa kona, ikikauka haionekani.

Kuta nilikuja kuokolewa na Tamiya Extra Thin, kile kichupa cha mililita 40 chenye kifuniko kijani na brashi ndani. Unashikanisha kuta mbili zikiwa kavu, unagusa brashi kwa ufa upande wa ndani, inakimbia yenyewe mpaka chini. Haibandiki kama gluu ya kawaida, inalainisha plastiki pande zote mbili zinaingiana zinakuwa kitu kimoja, kwa hivyo kama umeshapaka rangi kwangua kwanza pale pa kukutania. Na fungua dirisha, mama watoto alinifukuza sitting room juu ya harufu. Kit za mbao na karatasi hii haisaidii, hizo ni gluu ya seremala tena.

Kona kuwa sawa nilijengea juu ya kipande cha taili kilichobaki bafuni, nikaweka tofali za lego za kijana ndani ya kona na pegi za nguo juu, nikaacha usiku mzima. Hata ule ukuta wa ganda la chungwa ulinyooka.

Kwa wale watauliza kama inafanana na reli yetu, hapana. Reli ya HO ina upana wa milimita 16.5 kati ya chuma na chuma, ukizidisha mara 87 unapata upana wa SGR, ile reli mpya ya Kenya, si hii ya zamani ya mita moja inatoka hapa Nakuru kwenda Kisumu. Lakini jengo halijui reli, mimi nimelipaka rangi ya maziwa na paa jekundu lenye kutu.

Nyota nne. Paa sijaligundisha, limekaa tu juu, nikipata vitaa vidogo nitaliinua niweke ndani.