Uzoefu wangu wa kusajili meli Zanzibar: tulianza na klasi, bendera ikafuata

Nimemaliza kusajili meli ya mizigo iliyonunuliwa Sharjah kwa safari za Dar es Salaam, Unguja, Pemba na Moroni kule Komoro. Mimi ndiye niliyefuatilia makaratasi yake tangu hati ya mauzo hadi vyeti. Naandika kwa ajili ya wanaotaka kununua chombo kilichotumika kutoka Ghuba, kwa sababu karibu kila nilichoambiwa mwanzoni kilitoka kwa watu wanaouza huduma hizi wenyewe. Usajili wa bendera nimeuona ni huduma nzuri, inaeleweka na gharama yake haiumizi. Klasi, yaani cheti cha shirika huru la kukagua meli, ni ghali, ni ndefu na inachosha, lakini ndiyo fedha ambayo ningeitoa tena bila kusita.

Meli yenyewe ni ya tumbo bapa, yenye mlango wa mbele unaoteremshwa ufukweni gari likaingia lenyewe. Kwa bandari zetu ndogo kama Mkokotoni, Wete au Kilindoni kule Mafia, sioni chombo kinachofaa zaidi. Urefu wake unazidi mita 24 na tani zake za ujazo hazifiki 500. Vipimo hivyo viwili vishike kichwani, ndivyo vinavyoamua mengi. Meli ya mita 24 au zaidi inayokwenda nchi nyingine inaingia kwenye mkataba wa kimataifa wa mwaka 1966 wa mistari ya shehena, unaosema chombo kikijaa kizame majini mpaka wapi. Meli ya mizigo ikifika tani 500 za ujazo na ikasafiri nje, vyeti vingi vya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, vinaiangukia. Tani hizo si uzito wa meli wala wa mzigo, ni kipimo cha nafasi yake yote ya ndani, na hupigwa kwa kanuni za mkataba wa mwaka 1969. Wauzaji hupenda kutaja tani bila kusema ni zipi. Muulize muuzaji, tena akuandikie.

Kwa ukubwa huo, kama meli ingebaki humu nchini tu, tungeweza kutosheka na ukaguzi wa serikali. Lakini Moroni iko nchi nyingine, na kampuni ya bima ilisema wazi kwamba bila klasi ya shirika lililo ndani ya IACS, umoja wa kimataifa wa mashirika ya klasi, haitaigusa.

Kwa ambaye hajawahi kushughulika nayo, klasi ni ushahidi wa shirika huru kwamba bodi ya meli, mitambo na umeme wake vimeundwa na vinatunzwa kwa kanuni zinazojulikana. Mambo haya yalianza London, kwenye nyumba ya kahawa ya Edward Lloyd, ambako mwaka 1760 wafanyabiashara na wenye bima waliunda jumuiya ya kukagua meli ili wajue wanadhamini chombo cha namna gani. Alama yao ya A1 inasikika hadi leo: herufi ni hali ya bodi, namba ni hali ya nanga na vifaa vyake. Bureau Veritas ikafuata mwaka 1828 mjini Antwerp. Umoja wa IACS sasa una wanachama 12, na zaidi ya asilimia 90 ya tani za meli za mizigo duniani ziko chini yao.

Nje ya umoja huo yapo mashirika mengine, mengine ya heshima, na mengine ni mihuri tu. Wakala mmoja aliyependekezwa kwetu na dalali alinipigia simu: "Sheikh, usijisumbue, nitumie picha tu, cheti utakipata wiki hii." Picha za meli! Nilimuuliza mkaguzi atapanda lini, akasema hakuna haja, meli inaelea. Tulimshukuru tukaachana naye. Nasema kwa uchungu kwa sababu bei yake ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na tuliyolipa, na najua wako watakaovutiwa nayo.

Meli yetu ilikuwa na klasi ya shirika lisilo mwanachama wa IACS, na hapo ndipo kazi ilipotuelemea. Kama ingekuwa na klasi ya mwanachama mmoja, kuhamia kwa mwingine kuna utaratibu wake: shirika la zamani linakabidhi kumbukumbu, na masharti yaliyopitwa na muda yanatekelezwa kwanza. Yetu ilibidi iingie upya. Walitaka michoro: mpangilio wa jumla, mkato wa katikati, mabati ya bodi yote, shafti na rafadha (panga la kusukuma meli), mabomba ya ngama (sehemu ya chini ndani ya meli yanakokusanyika maji), umeme, na kitabu cha uthabiti, cha kuonyesha meli ipakiwe vipi isipinduke. Muuzaji alikuwa na nusu yake. Iliyobaki ilibidi mhandisi aipime melini na kuichora upya, na hapo ndipo fedha nyingi ilipoondoka. Kwa hiyo kabla ya kujadili bei ya meli, omba orodha ya michoro iliyopo. Meli isiyo na michoro ni meli ya bei nyingine kabisa.

Ukaguzi wenyewe ulifanyika gudini. Unene wa mabati hupimwa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, nukta baada ya nukta, na kila namba inalinganishwa na unene wa awali. Mabati ya chini upande wa omo, yaani mbele ya meli, pale meli inapojikwaruza kila ikipanda ufukwe, yalikuwa yameliwa kuliko kiwango kinachoruhusiwa. Vivyo hivyo chini ya ngama ya chumba cha injini, ambako maji na mafuta yalilala miaka. Kwa macho ya kawaida palikuwa pamepakwa rangi nzuri. Mlango wa mbele ulimwagiwa maji ya bomba kwa nguvu kuona kama mpira wake unavuja, na ulivuja. Fundi alikasirika, mimi nilishukuru.

Kisha likaja jaribio la kuinamisha meli. Asubuhi, bahari imetulia, vizito vinavyojulikana vinasogezwa sitahani kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na timazi ndefu zilizoning'inizwa zinaonyesha meli imelala kiasi gani. Kutokana na hapo huhesabiwa kitovu cha uzito kiko juu kiasi gani, na nahodha anapata, ndani ya kitabu cha uthabiti, jedwali la kumwambia malori mangapi, na saruji ikae wapi. Nahodha wetu ni mtu wa miaka mingi baharini, na kitabu hicho amekishika kama kitu chake mwenyewe.

Cheti kilipotoka kilikuwa na mipaka ya maji ambayo meli inaruhusiwa kusafiri, na alama ya msalaba wa Malta haimo, kwa sababu hupewa meli iliyosimamiwa na wakaguzi tangu inaundwa. Msalaba haunisumbui. Mipaka ndiyo nataka kila mnunuzi aisome. MV Skagit iliyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012 iliundwa mwaka 1989 na ikafanya kazi kwenye maji yaliyokingwa ya Puget Sound, Marekani, kabla ya kuletwa kwenye mkondo wetu wenye kusi. Mwaka mmoja kabla, tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba na watu na mizigo kupita kiasi. Hakuna mtaa Unguja wala Pemba usiojua maana ya tarehe hizo. Mkaguzi anayekataa kutia saini anawakinga watu wetu.

Bendera sasa. Nchi yetu ina rejista mbili: Bara inasimamiwa na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, Zanzibar na Mamlaka ya Usafiri Baharini, ZMA. Bendera inayopepea ni ile ile ya Jamhuri ya Muungano, bali tezi, yaani nyuma ya meli, itaandikwa bandari ya usajili. Tulipeleka hati ya mauzo, nyaraka za kampuni, jina tulilopendekeza, cheti cha tani na vyeti vya klasi. Kilichochelewesha ni hati ya kufutwa kwenye rejista ya zamani, maana huko hawafuti mpaka waridhike kwamba chombo hakidaiwi. Meli haiwezi kuwa na bendera mbili. Kwa mkataba wa sheria ya bahari, ikizitumia kwa kubadilisha inaweza kuhesabiwa haina uraia kabisa. Usajili wa muda ndio uliotuvusha mpaka hati ikafika.

Maswali kuhusu mmiliki wa kweli yalikuwa mengi, na nayaunga mkono. Mwanzoni mwa mwaka 2018 serikali ilisimamisha usajili wa meli za kigeni baada ya vyombo vyenye bendera yetu kukamatwa vikihusishwa na dawa za kulevya na vilipuzi. Kutumia bendera ya wengine ni jambo la zamani katika bahari hii: majahazi ya Sur, Oman, yalikuwa yakipeperusha bendera ya Ufaransa, mpaka Uingereza na Ufaransa zikafikishana kwenye usuluhishi wa The Hague. Uamuzi wa tarehe 8 Agosti 1905 ulikubali kwamba kila mtawala ndiye mwenye kuamua nani apeperushe bendera yake, kisha ukaiwekea Ufaransa mipaka.

Likabaki la alama na redio. Jina huandikwa omo pande zote mbili, na tezini pamoja na bandari. Namba rasmi na tani huchorwa kwenye chuma chenyewe, mkaguzi akathibitisha. Namba ya IMO, shirika la kimataifa la mambo ya bahari, haibadiliki, inakaa na bodi maisha yake yote hata bendera zikibadilika, kwa hiyo itumie kuchunguza historia ya meli kabla ya kulipa. Namba ya redio ya Tanzania huanza na 674 au 677, na jina la mwito na 5H au 5I. Watu husahau kwamba boya la dharura lazima liprogramiwe upya kwa namba mpya. Likibaki na ya zamani, siku ya msiba ishara itapelekwa nchi nyingine.

Nyota: bendera nne kati ya tano, klasi tano, wakala wa picha sifuri. Ukaguzi wa klasi wa kila mwaka unaruhusiwa kuanzia miezi mitatu kabla ya tarehe ya cheti hadi miezi mitatu baada yake, na cheti chenyewe ni cha miaka mitano, chini ya meli ikikaguliwa mara mbili humo. Gudi limeshawekewa nafasi, na mpira mpya wa mlango umeagizwa.