Emuleta ya Stelingi Loki ya Mercedes W204: Inunuliwe au Iachwe?

Mambo vipi wakuu, karibuni tena gereji. Ngoja nisogeze kamera... haya, mnakaona? Kanaingia kiganjani, kana soketi moja tu. Hii ni emuleta ya stelingi loki ya Mercedes C-Class, W204, yaani kifaa kinachojifanya kufuli la usukani.

Mwenye W204 anaujua ule mlio: ukichomeka ufunguo, chini ya usukani panalia "zzzt". Ni kimota kinarudisha pini inayobana usukani. Siku kaboni zake, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota, zikiisha, unachomeka, kimya. Ufunguo haugeuki, dashibodi haiwaki. Wengine hugonga kolamu, nguzo inayoshika usukani, kwa mpini wa bisibisi, ikakubali. Sasa ikikubali, jamani, usipitie sokoni ukaizime huko! Njoo nayo gereji ikiwa inaunguruma.

Maana loki ikiwa wazi, kuitoa ni kazi ya kawaida: unachomoa betri, unafungua kava la chini ya usukani, unashusha kolamu, unafungua boliti, inatoka. Ikigoma ikiwa imefunga, boliti haifikiki. Hapo ni drili, chenga za chuma zinamwagikia waya, na eabegi iko jirani. Tazama hii niliyoitoa kwa drili, tundu lilivyochimbika.

Emuleta inakaa kwenye soketi ileile, inaidanganya swichi ya ufunguo kwamba pini imerudi. Kazi inafanya, hilo sibishi. Kinachoniudhi ni wauzaji wanaosema "chomeka uondoke". Ya kwanza niliyonunua niliwaamini, nikarudisha makava yote, gari likagoma. Nyingi lazima zioanishwe na swichi ya ufunguo kwa mashine ya kuprogramu. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, muulize fundi wako kama mashine anayo. Kama hana, na loki ni mota tu iliyochoka, badilisheni mota. Ni kama ya gari la kuchezea, shughuli ni kupasua ganda la loki.

Jua pia kwamba usukani hautajifunga tena ukitoa ufunguo. Injini bado haiwaki bila ufunguo wake, ila anayetaka kulivuta gari hana cha kumzuia hapo.

Na chukua yenye kimota cha mlio ndani. Mnacheka? Kuna mzee nilimfungia ya kimya, kesho yake asubuhi ananipigia: "Fundi, gari limekufa tena, halilii." Nikamwambia, mzee wangu, hebu geuza tu ufunguo. Nikasikia injini kwenye simu.