Kijani cha Hooker, tyubu ya mililita 5: uzoefu wangu kwenye majani ya mkahawa (mti wa kahawa)

Kwa kuchora mimea kwa rangi za maji, kijani hiki nakipa nyota nne kati ya tano, mradi usikipake kama kinavyotoka kwenye tyubu. Kikiwa peke yake ni kikali mno, kama ndoo ya plastiki. Dawa yake ni nyekundu: kwa kijani cha ukubwa wa punje ya dengu, nagusisha ncha tu ya brashi yenye waridi la PV19 (hiyo ni namba ya pigmenti, yaani unga unaotia rangi). Likizidi, unapata kijivu cha matope. Jaribu pembeni kwanza na usubiri ikauke, maana rangi ya maji ikikauka hupauka.

Jani la mkahawa linang'aa, na mng'ao wake una usamawati kwa sababu unaakisi anga. Kwa hiyo tabaka la kwanza ni buluu ya kobalti iliyozimuliwa sana, jani zima. Gusa karatasi kwa mgongo wa kidole. Ikiwa bado ya baridi, haijakauka; subiri ikauke kabisa. Ndipo upake kijani kwa brashi namba 4, ukiruka mng'ao na mshipa wa kati. Usiseme utafuta baadaye: tyubu yangu ina PG7, pigmenti ya kijani, nayo hung'ang'ania karatasi hata uisugue vipi. Ukirudia sehemu iliyokauka nusu, maji husukuma rangi na kuacha doa lenye kingo za kujikunjakunja. Vimishipa vidogo vifanye mwisho, kwa brashi namba 1 iliyokamuliwa kwenye kitambaa.

Jina ni la William Hooker (1779–1832), mchoraji wa matunda na mimea wa London. Si yule Hooker aliyeongoza bustani ya Kew. Mchoraji huyu alichanganya buluu ya Prussia na gamboji, utomvu wa manjano wa miti ya Garcinia ya Asia ya Kusini-Mashariki. Gamboji haihimili mwanga. Mchoro ukikaa sana penye jua, manjano hutangulia kuondoka na jani hubaki la buluu. Ndiyo maana siku hizi kila kampuni ina mchanganyiko wake chini ya jina lilelile, kwa hiyo soma namba za pigmenti, usinunue jina. Ukiona PG8, iache dukani, huchujuka.

Nyota moja nimeikata kwa sababu lebo ya tyubu yangu haionyeshi kiwango cha kuhimili mwanga. Basi ijaribu mwenyewe uone kama inapauka: paka ukanda, funika nusu kwa karatasi ya foili, ubandike dirishani miezi mitatu kabla ya kuitumia kwenye kazi ya kuuza.