Duka la vyombo vya kale Ngamiani, Tanga: zuri sana, ila geuza kitako kabla hujatoa hela

Kwa wale mnaopenda vyombo vya udongo vya Kiingereza vya enzi ya Malkia Victoria, kuna duka hapa Tanga, Ngamiani kwenye barabara za namba, halina bango, nje wameweka vitanda vya kamba na redio za mbao, watu wanapita wanadhani ni fundi. Ingia mpaka ndani. Kabati la nyuma kabisa ndo lenye mali. Mzee mwenyewe anasema vingi vilitoka kwenye nyumba za mameneja wa mashamba ya mkonge, Muheza na Korogwe huko, wenyewe wakiondoka wanauza au wanawaachia wapishi, na vitu vya wapishi ndo anavyovinunua mpaka leo kwa wajukuu zao.

Mimi nilifuata jagi. Jagi la Doulton, lile la kiwanda cha Lambeth, London, juu kahawia iliyoiva chini rangi ya mchanga, ubavuni kuna mbwa wa kuwinda, kinu cha upepo na wazee wamekaa wanakunywa. Ukipitisha kidole unasikia vipele vidogo vidogo kama ganda la chungwa, na hiyo ndo alama ya chumvi, maana walikuwa wanarusha chumvi ndani ya tanuri likiwa limeshika moto mkali kabisa, ule mvuke wake unashikana na udongo unakuwa kioo juu yake. Ndo maana majagi haya hayanywi maji na hewa ya bahari haiyafanyi kitu.

Nikamuuliza, "Babu, hii si kazi ya Hannah Barlow?" maana hilo jina popote linapandisha bei. Mzee akaniambia, "Hapana mjukuu wangu, tizama, hawa wamebandikwa." Na kweli. Hannah Barlow alianza kazi Doulton mwaka 1871, wanyama wake alikuwa anawachora kwa ncha kwenye udongo ukiwa bado mbichi, kwa hiyo mstari uko ndani, unausikia umezama, halafu chini anaacha herufi za jina lake. Hawa wa kwenye jagi wametolewa kwenye kalibu wakabandikwa juu, kazi ya kiwandani, nzuri lakini ilitengenezwa kwa wingi. Angenyamaza tu angepata hela nyingi zaidi, hakunyamaza, na mimi kwa hilo tu namheshimu sana huyu mzee.

Halafu akaligonga kwa ukucha likalia wazi, tiiing. Akachukua lingine pembeni yake, linafanana kabisa, akaligonga, sauti imekufa. Akaniambia hilo lina ufa wa ndani, hauonekani, usilichukue. Alianzia laki mbili na nusu, tukamalizana kwa laki na themanini, kwangu mimi ni bei ya haki kwa chombo kisichomeguka mdomo wala mkono.

Sasa tatizo liko kwenye vile vikaratasi. Kuna mtu, nadhani vijana wake, kabandika neno Victoria kila kitu mle kabatini, jamani si kweli. Kuna bakuli la maua mazuri mno, ukiligeuza kitakoni limeandikwa Petrus Regout, Maastricht, hicho ni kiwanda cha Uholanzi. Haya yaliingia sana pwani yetu, nyumba nyingi za bibi zetu yalikuwepo, na mimi ningelinunua kwa mapenzi, ila si kwa bei ya Kiingereza. Sahani nyingine ina maneno Made in England, hayo kwa kawaida ni ya karne ya 20, Malkia keshafariki, alikufa 1901. Ukiona England peke yake, mara nyingi ni 1891 kuja mbele, kwa sababu Marekani walitoa sheria bidhaa zote zinazoingia kwao ziandikwe nchi zilikotoka. Ukiona kialama cha umbo la almasi chenye IV juu yake, yaani alama ya Kiingereza ya kusajili muundo wa chombo, hapo furahi, hicho kilitumika 1842 mpaka 1883, na kuanzia 1884 wakahamia kuandika Rd No, yaani namba ya usajili, na tarakimu zake. Nenda na tochi ya simu maana kule nyuma taa ni moja na hafifu.

Kuna sahani za majani pia, zile za kijani zinazong'aa sana, majolika wanaziita, kiwanda cha Kiingereza cha Minton walizionyesha kwenye maonyesho makubwa ya London 1851 zikashika kila mahali. Zake hazina chapa, kwa hiyo usikubali mtu akuambie ni Minton. Na naomba mnisikilize hapa, ule mng'ao una risasi, yaani madini ya risasi, usije ukaweka achari wala kachumbari ya ndimu humo, vitu vikali vinaivuta. Weka ukutani au kabatini basi. Na zikiwa na mitandao ya nyufa usiziloweke wala usitie jiki, pangusa na kitambaa kibichi.

Kama unatafuta kazi za mafundi wakubwa wa Kiingereza, vigae vya William De Morgan au wale ndege wa udongo wa ndugu kina Martin wa Southall, hakuna, usipoteze nauli kwa hilo.

Ufungaji ni hovyo, jagi la laki na themanini nimepewa limeviringishwa gazeti moja na mfuko wa nailoni, nikavua mtandio nikalifunga mwenyewe. Nendeni na kanga kuukuu au boksi. Malipo anapokea ya simu, Ijumaa anafunga mchana kwenda kuswali na akirudi anarudi saa kumi hivi. Kwenye rafu ya chini nimeacha birika la kahawia lenye alama ya almasi, kifuniko kimemeguka kidogo, anataka elfu tisini, na kwa alama ile mimi naona linafaa, anayeliwahi alichukue.