Nimerusha ndege ya Rotax kutoka Malindi hadi Lamu: uzoefu wangu

Nimezoea ndege ndogo ya Cessna 172, ambayo propela imefungwa moja kwa moja kwenye injini: injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, propela nayo ni 2,400. Safari hii nilikodi ndege ya viti viwili yenye injini ya Rotax 912 ULS, nikaenda nayo Lamu na kurudi. Nimeipenda sana. Ila anayetoka kwenye injini kama ya Cessna ajue mapema kwamba sikio lake litamdanganya.

Rotax hii ni ndogo, ujazo wake haufiki hata lita moja na nusu, lakini inatoa nguvu za farasi 100. Inazipata kwa kuzunguka mbio: mara 5,800 kwa dakika wakati wa kuruka, tena kwa dakika 5 tu, kisha 5,500 kwa muda wowote utakao. Propela ikizungushwa kasi hiyo, ncha zake zitapita kasi ya sauti, zibaki kelele bila mvuto. Ndiyo maana mbele kuna giaboksi yenye uwiano wa 2.43 kwa 1. Geji ikisoma 5,000, propela inazunguka kama 2,060, taratibu kuliko ya Cessna.

Ukisikia injini inalia hivyo, mkono unawasha kupunguza moto. Usiuachie. Kuibembeleza injini ya gia ni kama bodaboda anayepanda kilima kwa gia ya nne: hapumzishi kitu, anaitesa injini. Cessna 175, iliyotengenezwa 1958 hadi 1962, iliharibikiwa jina kwa sababu hiyo hiyo. Injini yake ya gia ilitakiwa kwenda hadi 3,200, lakini marubani wengi waliona ni nyingi mno, wakairusha kwa mizunguko ya chini kuliko kitabu kilivyosema, na injini zikafa kabla ya wakati.

Kupima oili nako ni kwa namna yake. Hakikisha swichi zote mbili za moto zimezimwa, fungua kifuniko cha tangi la oili, kisha zungusha propela kwa mkono, upande wake wa kawaida tu, pole pole. Utasikia mgandamizo wa silinda ukikuzuia, unaachia, unakuzuia tena, mpaka tangi litoe mlio wa kububujika. Hapo ndipo oili yote imerudi tangini na kijiti cha kupimia kinasema kweli. Mimi napenda kazi hii. Unaijua injini kwa viganja kabla hujaiwasha. Oili yenyewe iwe ya kufaa gia pia, maana giaboksi inalainishwa na oili hiyo hiyo ya injini.

Huruki mpaka oili ifike nyuzi 50. Kwa joto la Malindi hungoji sana. Ndege ikiwa bado ardhini, silegezi mizunguko kupita kiasi, kwa sababu giaboksi huanza kugongagonga na ndege nzima hutetemeka.

Angani ni raha. Unaacha mdomo wa Sabaki na maji yake mekundu, Mambrui, Ngomeni, halafu ghuba ya Ungwana na delta ya Tana. Kaskazi ilinipiga usoni wakati wa kwenda, na ndege nyepesi hivi inarushwarushwa hasa jua likishapanda juu ya delta. Nendeni asubuhi. Kutua Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu, hakukunisumbua, na kutoka hapo ni boti tu hadi mjini.

Mafuta ndiyo yaliyonifurahisha zaidi: kama lita 18 hadi 20 kwa saa, wakati Cessna 172 hula zaidi ya 30. Tena inakubali petroli ya kawaida isiyo na madini ya risasi. Ya ndege yenye risasi inaitumia pia, lakini risasi huacha uchafu kwenye oili na giaboksi, kwa hiyo oili hubadilishwa mapema zaidi. Kabla hujalipa kukodi, omba daftari la matengenezo, uone ndege imekuwa ikinyweshwa mafuta gani na giaboksi ilifunguliwa lini.