Kabureta ya boksi jeupe kwenye Land Rover 109

Habari zenu wadau. Leo nina hili boksi jeupe hapa. Halina jina wala nembo, limeandikwa tu kwamba ndani kuna kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, ya Land Rover ya petroli. Muuzaji aliniambia, "Kaka, hii unafungua boksi, unafunga, unaondoka." Nilifungua boksi saa tatu asubuhi. Nimeondoka siku ya tatu.

Kwanza mlijue gari lenyewe. Ni 109, Series III ya mwaka 1978, petroli, silinda nne, cc 2286. Kadi ndivyo inavyosema. Sasa chungulia hapa, karibu na manifoldi ya ekzosti, kwa mbele. Hiyo namba iliyogongwa kwenye bloku haifanani na ya kwenye kadi. Injini hii si ya kuzaliwa nayo. Za zamani krenkshafti, ule mhimili mkuu wa injini, ilikaa kwenye meini beringi tatu, kuanzia 1980 zikawa tano, na hii yangu ina tano. Nilishawahi kwenda dukani na kadi mkononi nikauziwa seti ya beringi tatu. Siku hizi nabeba picha ya namba ya bloku kwenye simu, kadi nawaachia trafiki.

Haya, kabureta. Iliyokuwepo ni Zenith 36 IV. Ugonjwa wake mafundi mnaujua: mfuniko wa juu unapinda kwa joto, kuna kaoringi kadogo ka mpira ndani kanakauka, basi gari linakunywa mafuta na sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) haitulii. Hii mpya ni nakala ya Weber 34 ICH. Koo lake, tundu la kupitisha hewa, ni milimita 34, la Zenith 36, kwa hiyo ukitaka kukimbizana barabarani injini itakosa pumzi kidogo huko juu. Mimi na 109 tunakimbilia wapi? Hilo halinisumbui.

Kinachonisumbua ni hivi vidude vilivyokuja nayo.

Chukua nati hii. Ni ya milimita 8. Stadi za manifoldi yangu, yaani bolti zisizo na kichwa, ni za inchi, 5/16, uzi mwembamba wa UNF. Ukiziweka mezani pamoja huoni tofauti, maana 5/16 ni milimita 7.94. Lakini nyuzi hazilingani. Angalieni: mzunguko mmoja, wa pili, imegoma. Hapa ndipo kijana wa gereji anachukua spana ndefu, anaongeza nguvu, anasaga stadi, halafu anakwambia "Bosi, nimeikaza kabisa." Haijakaza chochote, imekwama. Nati za kwenye boksi nimezitupa, nimerudisha zile zangu za zamani.

La pili ni bamba hili la kuunganisha kabureta na manifoldi. Nimelilaza juu ya kioo. Bonyeza pembe hii... mnasikia? Tak, tak. Linacheza. Siku ya kwanza nililifunga hivyohivyo, nikajiambia gasketi itaziba. Gari likawaka, sailensa ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, kama mtu anayehema usingizini. Nikapuliza WD-40 kidogo pale chini ya bamba, mlio ukabadilika papo hapo. Hewa ilikuwa inaingia pale. (Msijaribu kwa kumwaga petroli, tafadhali, na mtungi wa kuzima moto uwe karibu.) Dawa yake ilikuwa msasa juu ya kioo, maji kidogo, kusugua kwa mzunguko hadi bamba lote likang'aa sawasawa. Ilinichukua jioni nzima. Na msipake silikoni hapo. Petroli inailainisha, inamomonyoka, na vipande vinanyonywa na injini.

La tatu nusura linipite. Kabureta imekaa, gari linawaka, nikaenda nalo hadi kona ya Kisongo nikaona halivuti. Nikarudi, nikazima injini, nikamwambia dogo akanyage eksileta hadi mwisho huku mimi nachungulia kooni kwa tochi. Kile kipepeo cha ndani, kibati kinachofungulia hewa, kimefunguka nusu tu! Mkono uliokuja na kabureta haulingani na fimbo za Zenith, kwa hiyo unafika mwisho mapema. Tumetoboa tundu jipya kwenye mkono, karibu zaidi na ekseli ya kipepeo, sasa kinasimama wima. Fanyeni kipimo hicho kabla hamjaondoka gereji. Watu wengi wanalaumu jeti, vile vitundu vya kupimia petroli, kumbe kanyagio halifiki.

Jeti nazo zina neno. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo petroli inazidi. Baada ya siku kadhaa nilitoa plagi, zote nne nyeusi kama tako la sufuria ya mkaa. Nimeshusha jeti kubwa kwa namba moja, plagi sasa zina rangi ya biskuti. Wa Dar na Tanga, jeti iliyokuja nayo mnaweza kuanza nayo, ila angalieni plagi zenu, msiniamini mimi.

Je, ninunue au nisinunue? Kabureta yenyewe ni nzuri. Asubuhi ya baridi navuta choki, napiga stata mara moja, inawaka. Vya kuifungia havifai, kwa hiyo weka bajeti ya nati na siku moja ya msasa. Na kama Zenith yako haijapinda sana, mpelekee fundi anayejua kusugua mfuniko, abadilishe oringi, huenda usihitaji boksi hili kabisa.

Zenith yangu nimeiviringisha kwenye kitambaa, iko chini ya kiti cha abiria. Siuzi. Msianze kuuliza bei kwenye maoni.