The Shining kibandani: wamemnyima mtoto baba yake

Naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe. Kitabu cha The Shining cha Stephen King nimekisoma mara tatu, nakala iliyochakaa niliyoinunua kando ya barabara Kampala. Ni hadithi ya Jack Torrance, anayelinda hoteli yenye mapepo majira ya baridi, yeye na mkewe na mwanawe Danny. Juzijuzi nikasikia kibanda cha video huku kwetu Ndeeba kinaonyesha filamu yake, na VJ, yule msimuliaji wa kibandani, anaitafsiri kwa sauti kwa Kiganda. Nikalipa shilingi 1,000, nikabanana na vijana kwenye benchi.

Madogo nayaachia. Chumba 217 kimekuwa 237, haya. Mpishi Hallorann, ambaye kitabuni anawaokoa mama na mtoto na kubaki hai, hapa anapigwa shoka hata hajavua koti. Hilo liliniuma, nikavumilia, maana nilikuwa nangoja mahali pamoja tu.

Kitabuni Jack Torrance ameshaingiliwa na hoteli, kamsimamia mwanawe na nyundo, mara anazinduka. Kwa kitambo kidogo anakuwa baba tena. Anamwambia Danny akimbie, na akumbuke kwamba anampenda. Baadaye tangi la mvuke alilolisahau linalipuka, hoteli inateketea naye ndani. Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi, Bombo, na baba yangu alikuwa mnywaji. Kitambo kile nakijua. Nilikuwa nakisubiri usiku nikiwa kitandani, na siku nyingine kilikuja.

Sasa kwenye skrini Jack yuko kwenye theluji, anamwinda mtoto, na VJ anapaza sauti: "Dduka, mwana wange!" Kimbia, mwanangu! Moyo ukanipiga. Lakini picha ilikuwa ya mtu anayenguruma, kisha kaganda, kisha basi. Nikajua wamekata kipande. Nikamwendea kijana wa mashine, nikamwuliza kwa heshima. Hata kunitazama hakunitazama. "Nyabo (yaani mama), toka, watu wanangoja mpira." Mbele ya watu wote! Pesa yangu ni sawa na ya wale wa mpira. Kibanda kile siwashauri, mwanamke hasa.

Nyumbani nikaitafuta filamu kwenye simu, kwa sauti yake yenyewe. Hakuna kilichokatwa. Stanley Kubrick, aliyeiongoza mwaka 1980, kitambo kile hakukiweka kabisa. Jack wake anaita kwa vitisho, mwishowe analia kama mnyama. King mwenyewe filamu hii hakuipenda, akaja kuandika ya televisheni, ile ya 1997, na mimi ningesema muiache pia.

Ila yule mtoto na baiskeli yake ya magurudumu matatu, kelele kwenye sakafu, kimya kwenye zulia, kelele, kimya... kitabuni sikuwahi kuogopa hivyo. Siwezi kusema uongo.

Na VJ yule! Sidhani alikigusa kitabu. Alimwona baba anamfuata mwanawe kwenye baridi, akampa neno ambalo baba angepaswa kulisema. Nitarudi kibandani kumsikia tena, yule kijana anifukuze akitaka.